Majina Thelathini na Manne ya Yudith

Anastazia alikuwa mwaka wa tatu, na Klabu ya Jirani Mwema ndicho kitu pekee pale chuoni alichokiona kuwa chake. Aliianzisha na wenzake wanne. Wenzake walikwishahitimu, akabaki yeye na wanachama tisa. Kila Jumamosi walikwenda mtaa wa Nzuguni kuwafulia na kuwachotea maji wazee wanaoishi peke yao. Darasani wengi hawakumjua kwa jina, ila walimjua kama dada wa klabu, na hilo lilimtosha.

Mwaka huo likaja agizo kwamba klabu yenye wanachama pungufu ya ishirini na watano itafutwa. Basi wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, Anastazia alipanda jukwaani siku tatu mfululizo. Alisema juu ya upendo, juu ya kujitolea, juu ya thawabu. Wanafunzi walimsikiliza huku wakichezea simu. Siku ya tatu karatasi ilikuwa na majina sita, na wawili kati ya hao walikuwa wamedhani ile ni foleni ya vitambulisho.

Mmoja wa wale sita alikuwa Yudith, binti mwembamba wa Kigogo kutoka Gulwe, mwenye sauti ya polepole. Alikuwa hakupata nafasi hosteli, akaishi kwa shangazi yake hukohuko Nzuguni.

"Dada, naweza kukusaidia kuandikisha?" aliuliza.

Anastazia akampa daftari. "Chukua. Ila usije ukavunjika moyo. Watu wa siku hizi hawajitolei."

Yudith hakupanda jukwaani. Alikwenda bombani, nyuma ya hosteli, ambako wasichana walikuwa wamepanga ndoo wakisubiri maji yanayotoka tone kwa tone.

"Unajua kusuka?" alimuuliza mmoja aliyeitwa Erica.

"Najua. Kwani unataka kusukwa?"

"Si mimi. Kuna bibi Nzuguni, Bibi Yasinta. Shangazi anasema hajasukwa tangu binti yake ahamie Mwanza. Anapenda ule mtindo wa twende kilioni."

Erica akaandika jina lake. Kesho yake Yudith alimkuta Marko, kijana aliyekuwa akigongomea mguu wa kitanda chake, akamwambia kuna mzee anaitwa Abeli ambaye mlango wake umeng'oka bawaba. Marko naye akaandika. Baada ya siku nne daftari lilikuwa na majina thelathini na manne, na mbele ya kila jina Yudith ameandika mtu huyo anajua nini: kusuka, kunoa visu, kushona viatu, kusoma Biblia kwa sauti.

Anastazia aliyasoma majina yale mara mbili. Alitaka kufurahi, furaha ikakataa kuja. Alichokihisi ni kitu kilichombana chini ya mbavu.

Mlezi wa klabu, Daktari Bartolomayo, aliliona daftari akacheka kwa furaha. "Tumehangaika miaka miwili, huyu binti siku nne tu. Anastazia, nadhani uandikishaji tumwachie yeye. Na wewe upumzike kidogo, mama."

Alisema kwa wema kabisa. Anastazia akatabasamu, akajibu, "Sawa, Daktari," akatoka nje asijue anakwenda wapi.

Jumamosi hiyo walikwenda Nzuguni na Yudith, kabla ya wapya kuanza. Miaka miwili Anastazia alikuwa amefua mashuka ya Bibi Yasinta, na miaka miwili bibi alimjibu, "Asante, mjukuu wangu," kisha akanyamaza, maana Kiswahili chake kilikuwa kifupi. Yudith alipiga magoti akamsalimu, "Mbukwa," na Kigogo kingine kikafuata. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Hakuuachia mkono wa Yudith hadi walipoaga.

"Mlikuwa mnasema nini?" Anastazia aliuliza njiani.

"Ananiuliza ukoo wetu. Kumbe alimjua bibi yangu mzaa mama. Wamelima pamoja."

"Mimi hakuwahi kuniambia hata jina la mama yake."

"Labda hukumuuliza, dada," Yudith alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana maneno yale yalimuuma Anastazia wiki nzima.

Ijumaa Daktari alipanga kwamba wapya wakutane getini saa mbili asubuhi ya kesho yake. Kazi ya Anastazia ilikuwa kuwatumia ujumbe wote thelathini na wanne. Aliketi kitandani saa kumi alasiri, daftari mapajani, akaandika ujumbe mpaka mwisho. Kisha akafikiri jinsi basi litakavyoshusha watu thelathini na wanne mbele ya uwanja wa Bibi Yasinta, na jinsi wote watakavyouliza, Yudith yuko wapi. Akaufuta. Yudith alipompigia kuuliza kama wameshaambiwa, akasema, "Nimewatumia wote."

Asubuhi Yudith alikuwa akisubiri kwa Bibi Yasinta. Alikuwa amemchana bibi nywele, akamkalisha nje kwenye kigoda, akamwambia msusi anakuja. Daktari Bartolomayo aliposhuka na watu walewale wa kila wiki, Yudith aliangalia nyuma yao, barabarani.

"Watu wako wako wapi?" Daktari aliuliza.

"Sijui, Daktari. Walisema watakuja."

"Kuandika jina ni rahisi," alisema Daktari, akiwa amevunjika moyo zaidi ya kukasirika. Yudith akainamisha kichwa.

Anastazia alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo. Kwa muda mfupi sana alionja utamu. Kisha akamwona bibi amekaa juani, kichwa wazi, akitazama kila anayepita, na utamu ukaisha. Lakini alichukua dumu, akaenda kuchota maji.

Jumatatu Yudith alimfuata chumbani, macho yamevimba.

"Dada, wanasema nimewadanganya. Wamesikia mlikwenda bila wao. Erica amesema nilitaka kujaza idadi tu, nilipopata majina nikawasahau. Nimewaeleza labda ni mtandao, hawasadiki." Akaketi pembeni mwa kitanda. "Wewe ukiwaambia kwamba ulituma, watakubali. Wewe wanakuheshimu."

Anastazia alitazama sakafu. Angeweza kusema ndiyo, na mambo yakaishia hapo.

"Sikutuma," alisema.

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Niliandika, nikafuta."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Wivu wa nini? Mimi hata kitanda sina. Nalala sebuleni kwa shangazi." Akasimama, akalichukua daftari lake mezani. "Bibi Yasinta alikaa nje mpaka saa saba, Anastazia. Mimi nitasahau mengine, lakini hilo sidhani."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila dada.

Alasiri hiyo Anastazia alikwenda ofisini kwa Daktari Bartolomayo, akamweleza yote. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umenihuzunisha," alisema. "Ila mimi si mtu uliyemkosea. Nenda kawaambie wenyewe."

Alizunguka mabweni siku mbili, mlango kwa mlango. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Yudith hakuwadanganya. Mimi ndiye sikuwatumia ujumbe, na niliacha kwa makusudi." Wengine walicheka. Mmoja alimuuliza kama ameokoka. Erica alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Una roho ya kwanini wewe," akafunga mlango. Anastazia akaenda mlango uliofuata.

Ishirini na mmoja walikubali kuja, na Erica akiwa mmoja wao. Klabu haikufutwa. Anastazia aliomba kuachia uongozi, na Sila wa mwaka wa pili akachaguliwa badala yake. Uandikishaji ukawa wa Yudith.

Jumamosi iliyofuata uwanja wa Bibi Yasinta ulijaa watu. Erica alisuka, Yudith akamshikia kitana, na bibi akasimulia jambo kwa Kigogo lililomfanya Yudith acheke mpaka machozi. Anastazia aliteremsha dumu la maji. Kile kitu chini ya mbavu kikambana tena, palepale. Alikuwa ametumaini kwamba kukiri kungekimaliza.

Akamsogelea Yudith. "Nifanye nini?"

Yudith hakugeuka mara moja. "Blanketi za Mzee Abeli bado ziko kwenye beseni," alisema. "Ni nzito. Mwambie Marko akusaidie kukamua."

Marko alikuwa huko kwa mzee, akikaza bawaba za mlango wake. Alipomaliza, akafuta mikono kwenye suruali, akashika ncha moja ya blanketi. Anastazia akashika ya pili, wakaanza kuisokota, yeye kulia, Marko kushoto.