Wingu la Ukutani Gitega

Mvua za Giteranyi nazijua. Moja ilimnyoa beberu ndevu zote ikamwacha mzima. Asiyeamini akamuulize beberu. Basi nikisema wingu alilochora mjukuu wangu Yasmina lilinitetemesha, mjue halikuwa la kuchezea.

Kwetu Muyinga Yasmina anaandika vibao vya saluni. Ilyasi, mwenye mgahawa mjini Gitega, alimwita amchoree maua kwenye ukuta wa nje. Yeye akachora dhoruba: wingu jeusi tumboni likivishukia vilima, na chini kabisa mtu na baiskeli yake, mdogo kama punje ya ulezi.

"Mi nilisema maua, we unaniletea Kiyama?" Ilyasi alishika ndoo ya chokaa. "Nani atakula wali chini ya hii kitu?"

"Maua yanabembeleza, tonton," Yasmina akamjibu, akimwita mjomba kwa Kifaransa. "Mi nilitaka mtu ashikwe kifua. Aogope, halafu ajikute yuko salama."

"Aogopee kwake!"

Yasmina akasimama kati ya ndoo na ukuta. Asubuhi, akinileta kuuona, alikuwa ameniambia: ukuta huu ukifutwa, hachori tena, ni vibao tu mpaka uzeeni.

Ng'ambo ya barabara, Klara, mkulima wa Ryansoro aliyekulia Tanzania, alikuwa ameanika maharage kwenye turubai. Ameinama anachambua mawe. Akainua kichwa, akaliona wingu la ukutani.

"Mama yangu! Mvua, kiangazi hiki? Anueni, jamani!"

Watu hawakuuliza. Mihogo ikaanuliwa, mtama, nguo za watoto. Wallahi, hata jogoo mmoja alikwenda kulala.

Jua likaendelea kuwaka. Kicheko kikaanza pembeni, na Klara akavuka barabara na turubai lake mgongoni, amekunja uso, anamtafuta wa kumchapa. Alipofika akaugusa ukuta. Mkono ukabaki pale pale.

"Nani kachora hili?"

"Mimi, mama," Yasmina alinong'ona.

"Mchokozi wewe." Klara alikuwa anacheka na kujifuta macho. "Nimejiona sisimizi. Na bado moyo umepanuka, sijui kwa nini. Bwana Ilyasi, niletee kiti. Siyo ndani, hapa, niangalie vizuri. Na chai."

Wenye mihogo nao wakaomba viti. Ilyasi akautazama ukuta, akawatazama wateja, akaitua ndoo.

"Sawa, ibaki. Ila ule ukuta wa upande wa jikoni, unichoree maua."

"Nitachora radi," akasema Yasmina.

Ilyasi akakuna shingo.

"Basi iwe radi ndogo."