Mguu wa Petro Usiochoma

Bi Eufrosina aliinama kuubusu mguu wa Mtakatifu Petro akiwa amejiandaa kuungua. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali la Juni, na sanamu ilikuwa uwanjani tangu alfajiri. Shaba ingembabua midomo. Mguu ule ulikuwa vuguvugu tu, kama ndoo ya kufulia.

Akaugonga kwa fimbo. Po.

"Hii plastiki," akasema kwa sauti. Tarumbeta za sherehe zikanyamaza moja moja.

Na mtu asimwambie atulize moyo. Miaka miwili nyuma, meya Heladio alipita nyumba kwa nyumba na gunia. Kijiji cha zamani kilikuwa kimemezwa na bwawa la serikali, lakini kila familia ilikuwa imetunza ufunguo wa nyumba yake. Meya akawaambia wazitoe funguo hizo zote ziyeyushwe, apatikane Petro wa shaba, mshika funguo za mbinguni. Eufrosina alitoa wake akilia. Marehemu mumewe, Nazario, ndiye aliyeufunga mlango ule maji yakiwa magotini, huku askari wakimfokea apande lori. Hakumwachia mkewe kumbukumbu nyingine.

"Bibi, nakuomba," meya alinong'ona, "tungoje kwanza askofu aondoke."

"Ufunguo wangu uko wapi, Heladio?"

"Yule fundi wa sanamu alinicheka, bibi. Funguo zenu za chuma. Chuma hakitoi shaba! Sasa ningewaambiaje watu?"

"Kwa mdomo! Si huo huo uliokuja kutuomba? Nakuuliza, uko wapi?"

Meya akatazama viatu vyake, vipya, vinang'aa.

"Nilizimwaga bwawani. Nikaona basi, zirudi nyumbani."

"Loo, ana huruma huyu!" mwanamke mmoja akadakia nyuma, na watu wakaangua kicheko. Eufrosina hakucheka. Hasira ilimpanda. Zirudi nyumbani! Mtu akuchukulie kitu chako cha mwisho, akitupe, halafu akuambie amekutendea wema!

Akaukamata utepe wa umeya kifuani pa Heladio, akamvuta kama mbuzi kwenye njia iteremkayo bwawani. Umati ukafuata. Askofu naye akafuata, ameshika kofia.

"Ingia," alimwambia ukingoni. "Ukaniletee."

"Bibi, ni mbali sana! Ni kina kirefu!"

"Petro wa kweli aliingia majini. Wako yule angeelea. Ingia!"

Heladio aliwageukia watu. Hakuna aliyemtetea. Akaingia na viatu vyake, hatua kwa hatua, suruali ikamganda miguuni. Maji yalipofika magotini alisimama, akageuka, macho yamemjaa machozi.

"Yamefika magotini, bibi. Inatosha?"

"Nazario yalimfika hapo hapo," Eufrosina akasema, "naye alikuwa mlangoni kwake. Wewe hujafika hata uani. Endelea."