Mguu wa Kuegemea

Kocha wetu Clifford, aliyesomea soka kwenye simu yake, alitufundisha kuwa siri ya penalti ni mguu wa kuegemea. Uweke kando ya mpira, vidole vielekee unakopiga, kaza kifundo, inamisha kifua mpira usipae. Elimu tamu, wallahi.

Fainali ya wanawake pale Changamwe ikafika penalti. Nikauweka mpira chini. Clifford akapaza sauti kutoka pembeni, "Nyamvula! Vidole kona ya kushoto! Kaza kifundo!"

Hata madereva wa malori waliosimama kutazama wakajua ninakopiga. Kipa wa Jomvu, ambaye Mungu amemjalia masikio mazima, alinitangulia kwenye kona hiyo, akaudaka.

Akaja Roseline. "Kulia, Roseline! Piga kwa upande wa ndani wa mguu!" Kipa, mwanafunzi mtiifu kutushinda, akauwahi huo pia.

Tukafungwa. Kipa yule akamwendea Clifford, akampa mkono kwa adabu zote. "Shukran, kocha. Bila wewe nisingeweza."

Clifford akatugeukia, kifua mbele. "Mnaona? Wenzenu wanajua kusikiliza."