Mkono wa Pili wa Nyekundu

Siku ile mjinga alikuwa Brashi, tulimalize hilo mapema lisije likatusumbua mbele. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Alikuwa juu ya ngazi akiandika jina la kiwanda cha rangi kwenye ukuta wa mbele, kwa herufi za kimo cha mtu. Chini, tajiri wa kiwanda ameinua shingo kama kuku anayemeza maji.

"Nyekundu yako imelala," tajiri alisema.

Mwenye akili angejibu "ndiyo, mzee" akaendelea na kazi. Lakini Brashi ukimuuliza moja la rangi hukujibu saba.

"Nyekundu hailali, mzee, tatizo ni majirani. Ukiiweka na njano watapigiana kelele, asisikike yeyote. Iweke kando ya kijivu uone! Kijivu ni kama shemeji mpole: akinyamaza, mwenzake ndiye anaonekana msemaji. Halafu uache nafasi tupu, jicho lipumzike, kisha liende unakotaka wewe."

Tajiri aliyashika yote.

Pembeni ya ngazi, kwenye kiti cha mbao, dada mkubwa wa Brashi alikuwa akimsubiri. Alikuwa wa kijivu. Miaka kumi na mmoja alisaga unga wa rangi ndani ya kiwanda kile, na mwezi uliopita rangi yake ilimtoka: kwanza midomo, halafu macho, halafu ngozi, mwisho hata gauni alilovaa. Daktari wa kiwanda alimpima presha, akasema iko sawa, akampa mapumziko ya siku mbili. Wenzake wa mashine ndio waliokuwa na akili. Waliikinga yote kwenye kopo la lita nne, wakaandika juu yake: YA DADA. Ilikuwa nyekundu ambayo kiwanda hakijapata kuitengeneza. Kumrudishia ilikuwa kumpaka tu, utosini hadi unyayoni, kwa mkono usiotetemeka. Ndiyo maana alimletea mdogo wake kopo lile.

"Nikishuka tu, dada," Brashi alisema.

Lakini herufi ya mwisho ilibaki na michirizi. Ilitaka mkono wa pili wa rangi, na kopo lake Brashi lilikuwa limekauka. Akaazima kidogo kwenye la dada, kiasi cha vijiko viwili. Herufi ile iling'aa hadi zile nyingine zikaonekana zina homa, ikabidi azipitie zote, maana ulinganifu ni ulinganifu. Kwa tone la mwisho aliandika jina lake pembeni, chini kabisa, kwa mwandiko mdogo mzuri: Brashi.

Magari yalisimama kutazama. Tajiri alirudi nyuma hatua kumi, akautazama ukuta, akamtazama dada, akafumba jicho moja.

"Kiti kisogee kulia kidogo," alisema. "Hapo hapo. Mama, usinyanyuke."

Kuanzia Jumatatu kazi ya dada ikawa kukaa. Mauzo yalipanda. Wasagaji wengine walipopauka nao walipangiwa viti, watatu kulia, wawili kushoto, na nafasi tupu katikati. Brashi naye aliitwa kuandika kuta za mitaa minne.

Kila jioni hupita kumpelekea dada yake chai. Mwezi wa tatu wa kazi hiyo ya kukaa, alimkuta amenuna.

"Usininunie, dada. Wiki ijayo naja na kisu, naikwangua rangi yako yote, nakupaka upya."

"Umesema hivyo wiki ngapi?"

"Safari hii kweli! Naanza na herufi ya kwanza. Ila ngazi nimeiazimisha, na yule jamaa ukimdai kitu..."

Dada alipuliza chai. Ikageuka kijivu, akainywa.

"Ngazi ya nini, mdogo wangu? Anza na jina lako. Hilo unalifikia hata umechuchumaa."