Mkataba Niliouchapa Mwenyewe

Kazi yangu ni kuchapa mikataba ya ardhi. Nina meza, kompyuta na printa chini ya ngazi katika jengo moja la Wandegeya, mahali ambapo wanafunzi huleta ripoti zao na watu wazima huleta furaha zao. Kwa miaka tisa niliwachapia watu viwanja: Kira, Namugongo, Gayaza. Walikuja hata vijana walioanza shule ya msingi mimi nikimaliza sekondari, nikawapangia vipengele na kuwapa ushauri wa bure. "Hakikisha mwenyekiti wa kijiji amepiga muhuri," niliwaambia, nikikuna kidevu kama mtu mwenye nyumba tatu. Jioni nilirudi kulala kwa baba.

Baba yangu, Saverio, ni sajini wa polisi, Mwacholi. Tulihamia kambi ya polisi upande wa Nakawa mwaka 1987, baada ya vita vya msituni kwisha, nikiwa na miaka tisa. Tulipewa kibanda cha bati cha mviringo ambamo mtu akikohoa, kitanda cha mwenzake hujibu. Mama alifia humo. Mimi nikaota ndevu humo, nikaanza kuota na mvi.

Si kwamba nilikuwa mvivu. Nilikuwa naweka akiba. Tatizo ni kwamba ardhi nayo haikuwa mvivu. Nilipofikisha bei ya Kireka, Kireka ilikuwa imepanda, nikageuzia macho Bweyogerere. Nilipoifikia Bweyogerere, nayo imeota maghorofa. Kila mwaka nilisukumwa mashariki zaidi kando ya barabara ya Jinja, mpaka nikaanza kuogopa kwamba nitanunua nyumba Kenya.

Mwaka 2011 baba alipata barua ya kustaafu. Alipewa miezi mitatu awe ameondoka kambini. Kwao kaskazini, shamba alilorithi sasa linalimwa na binamu wasiomjua hata kwa sura, maana miaka ya vita vya huko iliwatawanya wote. Hakuwa na pa kwenda. Hata hivyo aliwatangazia majirani: "Oyet nanunua nyumba. Mimi nakwenda kaa kwa kijana yangu." Nilimsikia nikiwa bafuni, nikajipaka sabuni mara mbili ili nisitoke.

Wiki ya tano nikapata kibanja ng'ambo ya Seeta, kilima cha pili. Futi ishirini na tano kwa hamsini, yaani robo ya kile ambacho wateja wangu hukiita kiwanja. Muuzaji alikuwa na haraka ya kurudi Masaka, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwa binadamu. Alininyooshea mkono, "Kutoka hapa mpaka pale," nami nikaitikia kwa kichwa, macho yangu yakiwa mahali nilipopanga kuweka baraza. Desturi ya kule ni kwamba majirani wote wanauzunguka mpaka kwa miguu pamoja na mnunuzi kabla ya kusaini. Niliona ni kuwachosha. Niliwapelekea karatasi majumbani mwao wakasaini huko huko, kwa kuwa ilikuwa karatasi nzuri sana. Nilikuwa nimeichapa mwenyewe, kwa herufi nene, kwenye karatasi ya bei ghali.

Jumamosi iliyofuata nikampeleka baba akaone. Alivaa buti. Alisimama katikati ya kibanja, mikono nyuma, akakikagua jinsi alivyokuwa akikagua kambi kila Jumamosi ya maisha yake. Nyasi zilimfika magotini. Pembeni kulikuwa na safu za mmea wenye majani marefu mapana.

"Hii nini hii?" akauliza.

"Mahindi, nafikiri."

Akayafunua majani, akatafuta. "Mahindi gani haina kichwa hata moja? Mtu ya polisi hawezi kaa kwa msitu. Leta jembe."

Tulifanya usafi wa kambi. Yeyote aliyekulia huko anajua maana yake: jani likibaki, hulali. Tulifyeka, tukang'oa mizizi, tukasawazisha udongo, tukachoma kila kitu. Baba aliimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mama afe. Saa tisa alasiri kibanja chetu kiling'aa kama upara, nami nilikuwa na furaha ambayo hata sasa nikiikumbuka naona aibu.

Nalongo, mama wa makamo anayeishi upande wa juu, alitoka na kikapu cha ndizi kuja kutusalimia. Akasimama. Akakiweka kikapu chini.

"Ssebo," aliniambia polepole, "mulamula iko wapi?"

Hapo nikajua. Mulamula ni mmea ambao Waganda huupanda kwenye mpaka wa ardhi. Kuung'oa ni kosa kubwa. Watu wamepigana mapanga kwa sababu yake. Mimi neno hilo nililijua vizuri. Nililichapa mara nne au tano kwa siku. Nisichowahi kufanya, kwa miaka tisa, ni kuuona mmea wenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji aliita kikao siku ya pili, pale pale kwenye kibanja. Majirani watatu walifika wamenuna. Walidhani ni ujanja wa watu wa serikali, kwamba askari na mwanawe wameufuta mpaka makusudi ili wajiongezee. Mwenyekiti akaomba mkataba, akaugeuza mbele na nyuma.

"Karatasi mzuri sana. Nani amechapa?"

"Mimi," nikasema.

"Soma pahali ya mpaka."

Nikasoma. Kila mteja wangu nilimwekea kipengele hicho, nami kwa upendeleo nilikiweka kwenye wangu: "Mipaka ya kibanja hiki ni kama inavyoonyeshwa na mulamula iliyopandwa pande zote." Vipimo sikuviandika. Niliona namba zinaharibu sura ya ukurasa.

"Soma tena," mwenyekiti akasema, na nina hakika hakuwa na haja ya kusikia tena.

Kisha akauliza nani alitoa amri ya kung'oa. Baba akakaza mgongo, akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Ni mimi. Mzee nilimwambia ni mahindi." Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilinitoka bila shida.

Sheria yao ni nyepesi: aliyeng'oa mpaka hana mdomo siku ya kuupanda upya. Majirani walisimama kila mmoja mahali anapokumbuka ardhi yake inaishia. Ajabu ya kumbukumbu ni kwamba hakuna aliyekumbuka akirudi nyuma. Nalongo peke yake alisimama penye mashimo ya mizizi, akasema yeye anamwogopa Mungu. Wengine wawili waliingia ndani hatua mbili tatu, na hata njia ya kijiji ikakumbuka kwamba zamani ilikuwa pana. Nilibaki nimesimama katikati, nikitazama baraza langu likienda, kisha sebule, kisha chumba changu. Walipomaliza, palibaki nafasi ya chumba kimoja cha kitanda kimoja na jiko la nje.

Nalongo alileta vipande vya mulamula kutoka shambani kwake. Mwenyekiti akavishika, akatutazama mimi na baba.

"Mpaka hapana pandwa na mtu ya kwenda na kurudi. Yule atalala hapa, yeye ndiyo anapanda. Sisi tunamuona na macho, tunamuandika. Nani?"

Baba alitazama buti zake. Najua kwa nini: alishawaaga watu kambini. Nami nilifikiria miaka yangu tisa ya kuweka akiba, kitanda changu ambacho sijakinunua, mlango ambao ningeufunga nikiwa peke yangu ndani. Niliona uchungu. Niliona pia wivu, wivu wa kumwonea mzee wa miaka sitini aliyenilea.

"Yeye," nikasema. "Saverio Abwola."

"Na wewe?" baba akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia na mimi.

"Mimi nitapata chumba cha kupanga Wandegeya, Baba. Karibu na kazi."

Alipiga magoti kwa shida, akapanda safu zote nne mwenyewe, akipima nafasi kati ya mche na mche kwa kiganja. Majirani walitazama. Nalongo akamwagia maji.

Jumatatu nilichapa mkataba upya, safari hii na vipimo. Mahali pa mnunuzi niliandika jina la baba. Tukarudi kijijini kusaini. Mwenyekiti alisaini, kwa niaba pia ya muuzaji aliyekwisha kurudi Masaka, majirani wakasaini, baba akasaini kwa herufi kubwa za kituo cha polisi. Nikaupokea ukurasa nitafute pangu. Nafasi iliyobaki ilikuwa chini kabisa, na hapo nikasaini: Oyet, shahidi namba nne.