Kama Kawaida, Mzee

...na kinasa sauti kimezimwa lakini sauti bado imo chumbani, sauti yake mwenyewe, ya mwongoza ndege aliyeshiba, njoo moja kwa moja, shuka futi elfu sita, kama kawaida, mzee, na mwenyekiti wa tume amevua miwani anauliza hilo kama kawaida maana yake nini, swali jepesi, mtoto angelijibu, maji kwenye glasi yametulia, na nyuma yake mkuu wa zamu anakohoa, kikohozi cha kukumbusha, asubuhi kwenye ngazi alimnyooshea tai akamwambia, "Mdogo wangu, sema ilikuwa salamu tu, marehemu hajibu," salamu... mlima una futi elfu saba na mia mbili, nani husalimiwa kwa kupelekwa chini ya kilele, lakini waongoza ndege wote wa mnara ule walifanya hivyo, miaka mitatu, ndege ya usiku ikichelewa wanaipitisha juu ya mlima badala ya kuuzunguka, dakika nane zimeokolewa, na rubani mwenyeji anajua, ruhusa ya kushuka unaipokea lakini hushuki mpaka taa za kiwanda cha saruji, ng'ambo ya mlima, zipite chini yako, haikuandikwa popote, waliachiana kwa mdomo, kwa kucheka, na usiku ule namba ya ndege ilikuwa ileile, sauti tu ilikuwa na mikwaruzo, naye akadhani Mzee, rubani wa siku zote, ana mafua, mafua, Mungu wangu, Mzee alikuwa likizo, amelala kwake na mkewe, na huyu rubani aliyeshika zamu yake alikuwa mgeni, wiki ya pili, akaambiwa kama kawaida akajibu, "Sawa, kama kawaida," maana nani anataka kuonekana mgeni mbele ya wenyeji, akashuka alivyoambiwa, mtiifu, watu sitini na wanne nyuma yake wamefunga mikanda, akaugonga mlima gizani, na leo magazeti yanamwita mzembe, na mjane wake yuko safu ya pili, mlangoni alimuuliza, "Samahani kaka, choo kiko wapi?" bila kujua anamuuliza nani, naye akamwelekeza, ngazi chini, kulia, mlango wa pili, angalia sakafu imelowa, akarudia mara mbili asije akateleza, mke alipewa maelekezo kamili... kikohozi tena, na neno salamu limeshafika kwenye ulimi, laini, tayari, na hapo analisikia lilivyo, ni "Sawa" ileile ya rubani mgeni, "Sawa" ya mtu anayeogopa kuonekana si mwenzao, yule angalau hakujua mlima ulipo, mwenyekiti anarudia swali polepole kama anamwuliza kiziwi, maji yametulia, miwani bado iko mkononi, na nyuma yake kuna mtu anakohoa, mtu fulani tu, yeye hamjui tena, atajibu, ataanza na taa za kiwanda.