Mjomba wa Karibu na Mlango

Mahbuba alikuwa amechoka kusikia inshaallah. Tangu wageni wafike Muscat wakitokea umra, kila akigusia posa ya mwanawe Aws, baba wa Rahmi, binti anayeposwa, hutabasamu, akasema inshaallah, kisha akaisifu biriani.

Watu hawa walikuwa Waminangkabau, wa milimani huko Sumatra, Indonesia. Rahmi alifundisha chuo kimoja na Aws, na Aws alikwisha sema ni yeye au hapana mwengine. Basi Mahbuba akajitutumua. Katika nyumba yake ya Al Khoudh alimkalisha baba mtu pahala pa heshima, udi ukaanzia kwake, na nyama ya paja ikawa yake. Mzee mwengine mkimya, Syafril, kaka wa mama yake Rahmi, aliwekwa karibu na mlango, jirani na viatu. Mahbuba alidhani amekuja kumsindikiza shemeji yake tu.

Leo Aws akamwita jikoni, uso umemshuka. Rahmi amemweleza kwamba kwao ukoo hufuata mama. Baba huozesha, lakini wa kukubali au kukataa ni mjomba.

"Na ndiyo unanambia leo?"

"Nami nimejua leo, mama."

Mahbuba alitamani kulitupa birika ukutani. Siku zote hizo anambembeleza asiye na kauli! Akachukua kahawa kwa mikono yake, akampelekea Syafril na kumwomba radhi. Mzee akapokea. Hakuwa na kinyongo, Rahmi alifasiri, ila habari ya posa hazungumzi na mama. Anamtaka mjomba wa Aws.

Mjomba wa Aws ni Marhoon, kaka wa pekee wa Mahbuba, anayekaa Darsait, mji huo huo. Hawasemezani tangu alipoiuza nyumba ya mama yao bila ya kumwambia.

"Muulize," alimwambia Rahmi, "kwao mjomba akiuza nyumba ya mama, hufanywa nini?"

Syafril aliweka kikombe chini, akajibu kupitia kwa Rahmi. "Haiuzi. Nyumba ni ya mabinti. Yeye kazi yake kuilinda."

Mahbuba akacheka kwa uchungu, akachukua simu. Marhoon alipokea upesi.

"Aws anaposa," Mahbuba alisema. "Mimi hawanitaki. Wanamtaka mjomba."

"Na wewe, Mahbuba, unanitaka?"

Mahbuba alimtazama Syafril, ambaye bado alikuwa pale pale alipomweka, jirani na viatu.

"Njoo, kaka," alimwambia. "Ila leo wewe ndiye utakayekaa karibu na mlango."